Maswali ya Wasomaji: Kwanini wazee wa kanisa wanaweza kumkatalia mchungaji?

SWALI: Mimi ni mshirika wa PCEA, kanisa la Kipresbiteri, hapa Thika. Juzi mchungaji wetu alitaka jambo fulani lifanyike, wazee wakakaa kikao wakalikataa na likaishia hapo hapo. Rafiki yangu Mkatoliki akashangaa, akaniuliza kwani nyinyi hamna askofu? Nikakosa la kumjibu. Huu utaratibu ulitoka wapi, na ni kweli ni mambo ya Calvin?
Msomaji, Thika

JIBU: Ndugu yangu asante, swali lako nimelipenda sana manake watu wakisikia Calvin wanakimbilia ile habari ya Mungu kuchagua nani ataokoka na nani hapana, wanabishana hapo mpaka usiku wa manane, na wanasahau kwamba kitu alichowaachia watu wa Ulaya kikadumu kuliko vyote ni kikao. Ndiyo, kikao cha watu wa kawaida wenye haki ya kusema hapana.

Jean Calvin alikuwa Mfaransa, kazaliwa Noyon mwaka 1509, alisomea sheria na hiyo sheria inaonekana kwenye kila alichokipanga. Alifika Geneva 1536, wakuu wa mji wakamfukuza 1538, wakamwita tena 1541, na mwaka huohuo akawaandikia utaratibu wa kanisa wenye huduma nne: wachungaji, walimu, wazee na mashemasi. Askofu hayumo. Wazee walikuwa 12, walitoka kwenye mabaraza ya mji, sio makasisi, na walikaa meza moja na wachungaji kila Alhamisi. Mashemasi wao waliachiwa maskini na wagonjwa.

Sasa kikao chenyewe kilikuwa kinafanya nini? Kiliita watu na kuwahoji, mlevi, mume anayempiga mke, aliyecheza dansi, aliyekwepa ibada. Na hapa siwezi kupamba. Mwaka 1546 fundi wa kutengeneza karata, Pierre Ameaux, alimsema vibaya Calvin akiwa anakula na wageni nyumbani kwake mwenyewe, habari zikafika baraza la mji likamtembeza mitaani na shati tu, mwenge mkononi, akiomba msamaha. Mwaka 1553 Michael Servetus, msomi wa Kihispania, akachomwa moto akiwa hai kwa kukana Utatu, baraza ndo lililohukumu lakini Calvin mwenyewe alitaka auawe, aliomba tu asichomwe, akatwe kichwa. Mimi huwa nasema anayetaka kumsifu Calvin aanzie hapo kwanza, asije akaruka.

Lakini chukua utaratibu uleule uutoe Geneva uupeleke mahali ambapo mfalme anataka kulishika kanisa mkononi, uone kinachotokea. John Knox, mhubiri wa Kiskoti, alikaa Geneva akausomea pale, akarudi kwao Uskoti 1559, na 1560 bunge lao likakataa mamlaka ya Papa. Kila parokia ikawa na baraza la wazee, juu yake presbitari, yaani baraza la parokia kadhaa, juu kabisa mkutano mkuu. Yaani mkulima na fundi viatu wakajifunza kukaa, kusikilizana, kupiga kura, kuandika kumbukumbu za kikao. Mwaka huohuo wa 1560 waliandika mpango wa kuwa na shule kila parokia, pesa ikawasumbua miaka mingi, sheria ya kuubana kweli ikaja 1696, ila wazo lilishakaa kwamba mtoto wa maskini lazima asome.

Na mfalme akaona moto. Mwaka 1596 Andrew Melville, kiongozi wa kanisa hilo, alimshika mfalme James VI mkono wa joho akamwambia usoni kwamba Uskoti kuna wafalme wawili na falme mbili, na katika ufalme wa Kristo yeye James sio mfalme wala bwana wala kichwa, ni muumini tu kama wengine. Hebu fikiria kumwambia mfalme hivo zama zile! Ndo maana James alipopata na kiti cha Uingereza akasema 1604 kwamba pasipo askofu hakuna mfalme, alijua vizuri anachokiogopa. Mwanae Charles alipowalazimisha kitabu kipya cha ibada, Waskoti wakaweka saini agano lao Edinburgh mwaka 1638, na vita vikafuata.

Wamisionari wa Kiskoti walifika Kibwezi 1891, wakahamia Kikuyu 1898, na huo utaratibu wa wazee wakaja nao. Kwahiyo mwambie rafiki yako kwamba kwenu askofu ni kikao.

SWALI: Nasikia Calvin ndo baba wa ubepari. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hiyo ni hoja ya Max Weber, mwanazuoni wa Kijerumani, aliitoa 1904 na 1905, kwamba Wakalvini walifanya kazi kwa bidii na kubana matumizi wakitafuta dalili kwamba Mungu kawachagua. Mimi naona imevutwa sana. Calvin aliruhusu riba, sawa, lakini alikataza kumtoza maskini, na mabenki ya Florence yalishakuwepo kabla yeye hajazaliwa, tena nyanda za juu za Uskoti zilikuwa na Wakalvini wa kutosha na watu wakabaki na ufukara wao. Ukitaka kujua pesa ilihamaje angalia zaidi wakimbizi. Mwaka 1685 Louis XIV alifuta haki za Wakalvini wa Ufaransa, wafumaji hariri na mafundi saa wakatoroka na ujuzi wao kwenda London, Berlin na Amsterdam, Ufaransa ikapoteza.

SWALI: Leo Ulaya kuna chochote cha Calvin kilichobaki?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kipo. Uholanzi mchungaji mmoja Mkalvini, Abraham Kuyper, alianzisha chama na chuo kikuu, akawa waziri mkuu 1901 mpaka 1905, na alichopigania miaka yote ni kwamba serikali isiwe bwana wa kila kitu, wazazi wawe na shule za imani yao na serikali izilipie sawa na zile za umma. Katiba ikakubali 1917. Kifungu hicho bado kipo, na shule za Kiislamu za Uholanzi leo zinalipiwa kwa kifungu hichohicho.