Helmeti kwa safari ya karibu

Ndugu yangu, umeuliza kama kwa pikipiki kutoka Chake hadi Wesha, Pemba, kuna haja ya helmeti, maana ni karibu. Ipo, na ufunge mkanda chini ya kidevu. Ya kujiwekea juu juu huruka kabla kichwa hakijafika kwenye lami. Tafiti zinaonyesha helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kazi kubwa hufanywa na lile povu gumu la ndani: hubonyea likameza kishindo, na likishabonyea halirudi. Kwa hiyo ya mtumba usinunue hata ing'ae vipi, hujui imeshaanguka wapi.

Viatu vya kufunika, si kandambili. Suruali nzito pia, joto utalizoea.

Lisilosemwa sana ni buibui, lile vazi la wanawake. Ncha yake, au ya kanzu yako, ikinaswa na mnyororo au spoki, gurudumu humvuta mtu mzima mzima. Abiria wako alikusanye, alikalie vizuri, na mguu aweke mbali na bomba la moshi. Mtoto naye apate helmeti ya saizi yake, si ya babake inayomshuka hadi puani.