Swali la lugha: Moshi "umetanda" au "imetanda"?

SWALI: Mimi ni mmoja wa vijana wa kujitolea hapa Nakuru. Tunafuatilia mioto ya misitu na vumbi kwa picha za setilaiti, kisha tunawatumia wakazi taarifa fupi kwenye simu. Juzi niliandika: "Moshi imetanda Menengai, vumbi imeelekea Bahati, setilaiti imeona mioto 12." Mwenzangu anadai sentensi nzima ni makosa. Ni kweli?

JIBU: Si nzima. "Setilaiti imeona" ni sahihi. Moshi uko katika ngeli ya U-I, kwa hiyo moshi umetanda. Vumbi liko katika LI-YA, kwa hiyo vumbi limeelekea Bahati. Ukianza na "wingu la moshi", wingu ndilo linalotawala kitenzi: limetanda. Najua mitaani tunasema "moshi imejaa" na tunaelewana, lakini taarifa ya hatari inasomwa na wazee, walimu na watangazaji wa redio, na inastahili upatanisho kamili.

Linalonishughulisha zaidi ni hiyo "mioto 12". Kisarufi haina dosari. Kimaana inaweza kuwatia watu hofu bure. Chombo kiitwacho VIIRS, kilichorushwa kwanza kikiwa ndani ya setilaiti ya Suomi NPP mwaka 2011, hunasa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho. Kila nukta kwenye ramani yake huwakilisha eneo la takriban mita 375 kila upande. Moto mmoja unaopanda mteremko wa Menengai unaweza kuacha nukta kadhaa, na mioto miwili iliyokaribiana ikaonekana nukta moja. Andika basi "nukta 12 za joto", na neno "mioto" uliweke hadi mtu aliye karibu athibitishe. Hata akithibitisha, uliza ni moto wa nini. Upande wa Muhoroni na Chemelil, kaunti ya Kisumu, wakulima huchoma miwa kabla ya kuvuna. Huo ni moto wa shambani, na kuuita moto wa msitu ni kuwapotosha wasomaji wa Kisumu.

Kuna jambo hukuuliza, nalo ni njeo, yaani wakati wa kitenzi. Setilaiti zenye VIIRS hupita juu yetu karibu na saa saba na nusu, mchana na usiku. Ukisambaza taarifa saa kumi na mbili jioni na kuandika "moto unawaka", unadai usichokijua. "Moto ulikuwa ukiwaka saa saba na nusu mchana" inamwambia mzima moto ukweli wote ulio nao.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Kufikia saa saba na nusu mchana, moshi ulikuwa umetanda Menengai na vumbi lilikuwa likielekea Bahati, setilaiti ilinasa nukta 12 za joto."

Chunga pia neno moshi lenyewe. Wapitao Naivasha husema "moshi wa Olkaria", ilhali ule ni mvuke wa jotoardhi. Pafukapo moshi pana moto, lakini pale hakuna kinachoungua. Ukungu wa asubuhi nao hutanda mabondeni kama moshi, na kwenye picha ya rangi za kawaida huonekana mweupe. Moshi huelekea kijivu au samawati hafifu, na vumbi hudhurungi. Vitenzi vyetu vinasaidia kuvitenga: moshi hufuka kabla ya kutanda, vumbi hutimka, ukungu hutanda tu. Kwa magadi makavu yanayoinuliwa na upepo ufuoni mwa Ziwa Nakuru maji yanaponywea, sema "vumbi la magadi linatimka", na msomaji atajua mara moja kwamba chanzo ni ufuo mkavu.

Mwisho, rangi. Meteosat, setilaiti ya hali ya hewa inayotuma picha ya Afrika kila dakika 10 au 15, ina picha maalumu ambazo vumbi huonekana la waridi. Rangi hiyo imepakwa na wataalamu kutokana na vipimo vya joto, ili vumbi litengane na mawingu hata usiku. Usiandike "vumbi la waridi limeonekana Nakuru". Andika "vumbi, lililoonyeshwa kwa rangi ya waridi kwenye picha".