Flashi ya picha za jioni pale Hippo Point

Ndugu, umeuliza mbona uso wa bibi harusi unatoka mweupe kama karatasi na rangi ya anga juu ya ziwa inapotea, ilhali umeweka flashi nguvu kamili. Anza na anga, flashi ikiwa imezimwa. ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) 1/200 ya sekunde, kisha bana tundu la lenzi mpaka anga lionyeshe rangi yake, pengine f/5.6. Uso utakuwa giza, usijali. Sasa washa flashi kwa 1/8 ya nguvu yake, mwavuli wa kulainisha mwanga wake uwe kama mita moja na nusu kutoka usoni, piga, tazama, rekebisha kidogo kidogo.

Na umbali, jamani! Ukirudisha flashi kutoka mita 1 hadi 2, mwanga unaomfikia unabaki robo tu. Wengi huongeza nguvu bure wakati wangesogeza stendi ya flashi karibu.

Jua likizidi kuzama, punguza kasi ya shata tu: 1/125, 1/60. Anga litang'aa, mwanga wa flashi usoni utabaki vilevile. Usiende kasi kuliko 1/200 au 1/250, kulingana na kamera yako, la sivyo utaona utepe mweusi pembeni mwa picha.

Ngozi yetu nyeusi ina mng'ao wake mzuri sana, tafadhali usiifute kwa mwanga mwingi.