Rafu ya uwanja wa gofu, yaani nyasi ndefu za pembeni, ikatwe ibaki milimita ngapi?

Kwa klabu ya wachezaji wa kawaida yenye nyasi ya kikuyu, usipite milimita 50. Shina lake ni nene na limesukana: mpira unazama hadi chini, na kichwa cha fimbo kinanaswa kabla hakijaufikia. Ukiacha 70, watu watamaliza dakika zao 3 za kutafuta mpira kila shimo, na foleni itajaa nyuma yao.

Kata kila wiki, mvua zikikolea mara mbili. Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mkato: ikifika 75, rudi 50. Ukiishusha ghafla utabaki na vijiti vya kahawia visivyo na jani. Kando ya feawei, yaani njia ya nyasi fupi ya kuchezea, acha ukanda wa upana wa mita 2, nyasi zake zikiwa na urefu wa milimita 30 hivi.