Plaki kwenye mshipa wa shingo: "chini ya 50%" maana yake nini?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, miaka 58, naishi Makambako. Nina presha mwaka wa tisa sasa, sigara nilishaacha. Mwezi uliopita nilipimwa altrasaundi ya mishipa ya shingo huko Mbeya. Majibu yanasema: unene wa ukuta milimita 0.9, plaki laini ya milimita 2.1 upande wa kushoto. Kasi ya damu sentimita 98 kwa sekunde. Mshipa umebanwa chini ya 50%. Aliyenipima alisema hakuna shida. Mwanangu anataka nirudie kila miezi sita. Nimsikilize nani?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Kwa hili siungani na yeyote kati yao.

Watu wa nyanda hizi wakisikia altrasaundi ya shingo hudhani ni ya rovu. Hii ni ya ateri zinazopeleka damu kichwani. Ateri hizo ziko karibu na ngozi, kifaa kinaziona vizuri bila mionzi, wakati zile za moyo zimejificha nyuma ya mbavu na hazitulii hata kidogo. Kwa hiyo tunachungulia shingoni tupate habari za moyoni. Mafuta yakianza kuganda kwenye ukuta wa ateri huku (donge hilo ndiyo plaki), mara nyingi na kule yameanza.

Sasa hiyo "chini ya 50%". Inajibu swali moja tu: je, njia imebanwa kiasi cha kufikiria upasuaji? Damu ni kama maji ya mpira wa kumwagilia. Ukiubana kwa kidole, yanatoka kwa kasi. Kasi ikifika 125 tunahisi njia imebanwa nusu au zaidi. Ikipita 230, tunahisi 70% na kuendelea. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliotolewa mwaka 1991 ulionyesha kuwa upasuaji unawafaa sana waliobanwa 70% au zaidi na ambao tayari wameonja dalili za kiharusi. Wewe una 98 na huna dalili. Kisu hakikuhusu.

Lakini usiichukue namba hiyo kama cheti cha usalama. Plaki hudhuru zaidi inapopasuka: damu huganda juu yake, kipande hung'oka na kukimbilia kwenye ubongo. Hata mashambulizi mengi ya moyo huanzia kwenye plaki ambazo hazikuwa zimebana sana. Ndiyo maana neno nililolisoma mara mbili kwenye majibu yako ni "laini". Plaki yenye chokaa huonekana nyeupe kwenye skrini na hutupa kivuli nyuma yake. Laini, iliyojaa mafuta, ni ya kijivu hadi nyeusi, na hiyo ndiyo tunayoiogopa zaidi.

Kuna chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 za kukadiria hatari ya moyo na kiharusi. Ile isiyohitaji maabara huuliza umri, jinsia, sigara, presha na uwiano wa uzito na urefu. Haijui kilichomo shingoni mwako. Mtu ambaye chati imemweka katikati, akikutwa na plaki anapandishwa daraja. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2021 inaitumia plaki hivyo. Ule unene wa 0.9 usikukoseshe usingizi. Wamarekani waliacha kuupendekeza kama kipimo cha kawaida cha hatari tangu 2013.

Mwanao ana nia njema, ila ukuta huo huongezeka kwa wastani wa karibu milimita 0.01 kwa mwaka, na wapimaji wawili wanaweza kutofautiana kwa 0.1 shingo ikiwa ni ileile. Ukirudi baada ya miezi sita utakuwa umepima mkono wa mpimaji. Nauli hiyo iende kwenye dawa za presha, kipimo cha kolesteroli na cha sukari.

Karatasi hiyo mpelekee daktari anayekutibu presha, umuulize waziwazi habari za statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, hata kama kolesteroli yako si ya kutisha. Aspirini usijianzishie. Presha ishuke chini ya 140/90. Yeye anaweza kutaka ishuke zaidi. Chumvi punguza, ila hiyo kidogo unayobakiza iwe yenye madini joto, maana rovu tunalijua huku.

Na kwa kuwa plaki yako ni ya kushoto, shika hili, na nyumbani walijue: jicho la kushoto kufunikwa ghafla kama pazia limeshushwa, mkono au mguu wa kulia kulegea, uso kwenda upande, maneno kugoma kutoka. Hata kama yamepita ndani ya dakika tano na unajisikia mzima kabisa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hapo ndipo altrasaundi inarudiwa, na haraka.