Kioo chenye bismuthi: kinang'aa, kinawaka au kinatoa mwanga?

SWALI: Ninafasiri somo la fizikia kwa wanafunzi wangu. Linaeleza kioo kilichotiwa bismuthi (aina ya metali) ambacho, kikipigwa na leza, chenyewe hutoa mwanga. Niseme kinang'aa au kinawaka? (Mwalimu wa sekondari, Tanga)

JIBU: Mwalimu, maneno yote mawili yatawapoteza wanafunzi wako.

Sinia la shaba likisuguliwa kwa ndimu na majivu linang'aa. Nyota nayo inang'aa. Sinia limeazima mwanga, nyota ina wake, na kitenzi ni kilekile. Kung'aa hakuulizi mwanga umetoka wapi; kunataka jicho lione tu. Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu mwanga unaosifika wa kioo hiki ni wa infraredi, usioonekana kwa macho. Kwenye kioo cha silika (madini ya mchanga) mawimbi yake huwa marefu kupita nanomita 1,100 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na jicho letu hukoma karibu na 700. Ukizima taa darasani, hakuna atakayeona kitu.

Kuwaka ni kwa moto, taa na jua. Kioo hiki hakiwaki: kinameza mwanga wa leza, kisha kinautoa ukiwa na mawimbi marefu zaidi.

Andika "hutoa miale ya infraredi". Nachagua miale kwa makusudi, maana ukisema mionzi wengi hukumbuka matibabu ya saratani. "Kilichotiwa" umepatia, usikibadili. Bismuthi hutiwa kidogo mno, kama chumvi mchuzini, na "kilichochanganywa" kingeleta picha ya nusu kwa nusu.

Jambo moja naomba ulilinde sana: mtenda wa sentensi awe kioo, si atomu ya bismuthi. Wajapani Fujimoto na Nakatsuka walionyesha mwanga huu kwenye kioo cha silika mwaka 2001. Mwaka 2005 kundi la mwanafizikia Dianov, Moscow, likatengeneza leza kwa uzi wa kioo wenye bismuthi. Hadi leo wataalamu wanabishana ni umbo gani hasa la bismuthi linalotoa miale hiyo. Mfasiri asiwaamulie.

Uzi huo mafundi wetu huuita faiba, nawe uite hivyo ukifika kwenye mawasiliano. Wanafunzi watapenda kujua kwamba erbiamu, metali nyingine inayokuza ishara kwenye faiba za masafa marefu, hufanya kazi zaidi kati ya nanomita 1,530 na 1,565, na bismuthi inafungua njia nje ya hapo.

Viko pia vioo vya bismuthi vinavyotoa wekundu unaoonekana kwa macho. Kwa vioo hivyo, sema vinang'aa bila wasiwasi.