Kichwa kumbe kilikuwa upande wa pili

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Dickinsonia, yule kiumbe wa kale sana aliyebaki alama kwenye mawe tu, ni mnyama kweli, maana kuna waliomwita mnyoo na wengine kuvu, na kama wanasayansi wanabadilisha maneno kila siku tuwaamini vipi. Nitamfikia, ila ngoja nianze na wawili ninaowapenda sana.

Hallucigenia aliishi kama miaka milioni 508 iliyopita, visukuku vyake, yaani mabaki yake mawe, viko kwenye miamba ya Burgess kule Kanada, kadude kadogo tu ka sentimita chache. 1977 mwanasayansi Simon Conway Morris alimchora anatembea juu ya miiba kama mtu wa mironjo. 1991 wenzake wakamgeuza, miiba ikawa ya mgongoni na vile vinyuzi vya juu ndo ikawa miguu. Na kichwa bado kilikuwa kimekosewa! Kulikuwa na doa jeusi la mviringo kwenye ncha moja, watu wakaliita kichwa miaka yote hiyo, hadi 2015 ikajulikana ni majimaji ya mwilini yaliyomtoka kwa nyuma alipokandamizwa na tope. Wakachokoa jiwe pole pole upande wa pili, wakakuta vijicho viwili na meno. Mi hapo nilisisimka kabisa.

Wa pili yuko hai, Xenoturbella, mnyoo laini wa baharini kule Sweden, mdomo anao lakini njia ya kutolea haja hana, ubongo hana. 1997 walipima DNA wakasema ni jamaa ya chaza. 2003 wengine wakarudia, kumbe ile DNA ni ya chaza aliowala, yaani walisoma chakula wakadhani wamemsoma mlaji! Hadi leo wanabishana, wengine wanamweka karibu na shina la wanyama wote wenye upande wa kushoto na wa kulia unaofanana, wengine kwa kina kiti cha pweza.

Unaona walivyosahihishana mwanangu, kwa kurudi kwenye jiwe lilelile na mnyoo yuleyule, ndo maana mi nawaamini.

Sasa Dickinsonia wako, wa miaka milioni 558 iliyopita. 2018 walikuta mabaki ya kolesteroli, aina ya mafuta ya mwilini, kwenye visukuku vyake vya Bahari Nyeupe, Urusi, na kolesteroli kwa wingi ule ni alama ya mnyama, kuvu wana mafuta ya aina nyingine. Kwa hiyo mnyama. Ila mdomo wake hadi leo hakuna aliyeuona.

Mama